Tundu la Pili la Mama Kitovu

Ti. Ti-ti. Ti.

Wasikilizaji wapendwa, mmesikia? Ni vyuma viwili virefu, vinagongana ndani ya boksi la viatu. Boksi lina tundu moja tu. Anayevigonga hapa studio ni fundi wa friji, mume wa daktari tunayemkumbuka leo. Daktari wa upasuaji wa figo. Wagonjwa walimwita Mama Kitovu, kwa sababu alipitia kitovuni.

Kitovuni, wasikilizaji. Tundu moja. Humo aliingiza kamera na vyuma vyake, akalifikia figo na mrija unaoteremsha mkojo. Ila vyuma vikipita tundu moja hupishana: mkono wa kulia unafanya kazi kushoto, wa kushoto kulia. Ndiyo maana kila jioni alikaa na boksi hili, akishona mrija wa soda uliokatwa.

"Nilikuwa nikisikia ti-ti, najua mke wangu yupo," anasema mumewe. "Mimi friji ikiharibika naifungua mgongo mzima. Alikuwa ananicheka: 'Baba watoto, wewe mchinjaji.'"

Shangazi yangu hufua mashuka ya hospitali hiyohiyo. Akaugua. Mrija wa figo moja ulibana, mkojo ukarudi nyuma, figo likavimba. Likiachwa, lingekufa. Shangazi akagoma kupasuliwa. Kaka yake alipasuliwa zamani, kovu toka mgongoni hadi tumboni, na hakuinua tena hata ndoo. Shangazi anaishi kwa kuinua mashuka yaliyolowa.

Mama Kitovu akaketi kitandani kwake. "Dada, nitapita tundu moja. Nikikwama, nitaongeza la pili. Sikufichi."

Shangazi akakubali. Daktari akaingia. Akakata sehemu iliyobana, akaanza kuunganisha. Hapo vyuma vikagombana. Sindano ikakataa kugeuka. Walikuwepo wenzake waliohesabu matundu kama mabao. Kwao tundu la pili lilikuwa kufungwa bao. Yeye hakutafuta sifa kwenye mwili wa mtu. Akatoboa la pili, dogo, ubavuni. Akamaliza kushona. Nalisema kwa sauti, anayechukia achukie: huo ndio ufundi.

Shangazi alipozinduka, alimkuta amesimama pembeni.

"Dada, nisamehe. Nimeongeza tundu."

Shangazi akajifunua, akatazama. "La pili ndilo lako, daktari. La kwanza nilizaliwa nalo."

Mama Kitovu alicheka mpaka akashika ukuta. Figo likapona. Shangazi akarudi kwenye mashuka yake.

Tangu hapo daktari alimwomba: njoo wodini, waonyeshe wanaoogopa. Shangazi akakataa kila mara. "Nizunguke nimefunua tumbo, kwani mimi sinema?" Wiki iliyopita moyo wa Mama Kitovu ulisimama ghafla. Ombi likabaki. Wanafunzi wake wapo, vyuma vipo. Wagonjwa ndio wanaotoroka na mafigo yanayokufa.

Kwa mumewe, watoto na wauguzi wa wodi ile: tunalia nanyi. Nawe unayesikiliza na maumivu ubavuni, umeyaficha hata kwa mkeo, jiulize unangoja nini.

Shangazi yupo hapa. Amenipokonya kipaza sauti. Anamtazama fundi wa friji, aliyepakata lile boksi.

"Shemeji, Jumatatu nitakwenda wodini. Nitajifunua. Nitawaonyesha yote mawili."