Mama Mabegi na Basi Lililobaki Yadi

Wapendwa waombolezaji, watumishi wa Mungu, ndugu na majirani, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, nitasoma polepole, mnivumilie.

Mama yetu alizaliwa tarehe 3 Mei 1958, mtoto wa nne wa fundi cherehani, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, hakuendelea kwa sababu ada iliwatosha kaka zake tu. Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na baba yetu, Mungu akawajalia watoto watatu, na baba alipofariki mwaka 1999 mama alijifunza kuendesha gari, baadaye akanunua basi dogo, akawa anabeba watoto wa shule, nao wakamwita Mama Mabegi, maana alilijua begi la kila mtoto hata kwa harufu.

Tarehe 9 Februari 2021, akiwa ametoka kushusha watoto, lori lilimgonga kwa nyuma, polisi wakalivuta basi hadi yadi ya kulaza magari liwe kielelezo cha kesi. Mwaka uliofuata mahakama ilisema mama hana kosa, akaenda na hati ya hukumu kulichukua basi, akaambiwa alipie gharama ya kulivuta na kila siku liliyolala pale, na jumla ilizidi bei ya basi lenyewe. Aliuliza analipia kosa gani, karani akamwambia, mama yangu, sisi tunahesabu siku, makosa ni ya mahakama.

Basi lile ndilo lililokuwa kazi yake, kwa hiyo kila Jumamosi alikwenda kuliwasha lisife, mlinzi akimfungulia kwa huruma na kumtania kwamba bibi harusi kaja kumwona bwana, naye akimjibu kwamba huyu angalau anajulikana analala wapi.

Machi 2024 ilitoka kanuni mpya inayoweka kikomo cha ada za kulaza magari, mama akatoa shukrani kanisani, akaenda yadi, akaambiwa kanuni hiyo ni ya magari yatakayoingia kuanzia sasa. Siku hiyo aliporudi alikaa kitini na mkoba begani hadi giza likaingia. Moyo ulianza kumsumbua, akalazwa tarehe 2 Novemba, akafariki tarehe 17 alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, madereva wenzake wa mabasi ya shule, na mlinzi wa yadi, aliyeomba ruhusa kazini akaja.

Familia imekaa, imeamua basi tuliache, tumechoka. Jumatatu tulikwenda kuomba Biblia yake tu, iliyomo humo karibu na usukani, tukaambiwa kilichomo ndani hakitoki mpaka gari litoke, kwa hiyo mchungaji atasoma katika Biblia ya jirani, na zaburi aliyoipigia mstari mama hatuijui.

Pumzika, Mama, umehangaika vya kutosha, Bwana akulaze kwa amani yake.