Aliyewatafuta Wenye Nyimbo

Idara ya muziki ya chuo kikuu ilituletea wasifu wa marehemu uliokwishachapishwa, na picha juu. Tunashukuru. Huu ni wa familia, nami mdogo wake wa kike ndiye ninayeusoma.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 4 Juni 1946, mtoto wa pili wa fundi cherehani, katika chumba kilichotazamana na karakana ya reli.

Alianza shule mwaka 1953, enzi za mkoloni. Katika kitabu cha nyimbo, chini ya wimbo mmoja, paliandikwa “mtunzi hajulikani”. Kaka akanyoosha mkono: “Mwalimu, mtunzi ni shangazi yangu. Yuko nyumbani anafua.” Alichapwa kwa kusema uongo. Tangu hapo hakuamini kitabu chenye jalada gumu.

Alifundisha chuo kikuu kuanzia 1972 hadi 2009. Wanafunzi walimwita Anza Tena, maana hakuna aliyeimba darasani kwake kabla ya kusema wimbo ni wa nani; ukisahau, anza tena. Alizunguka na kinasa sauti, akawarekodi watunzi, na majina yao yakaingia kwenye kitabu cha kufundishia. Alisema kumnyima mtu jina lake ni kuendelea kumtawala. Toleo lililotoka baada ya yeye kustaafu halina hata jina moja. Idara inasema ni kosa la mchapaji. Mchapaji gani huyo, aliyekosea kwenye majina tu?

Alifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1975 na muuguzi, ambaye miaka yote amelala chumba kimoja na masanduku ya kanda bila kunung'unika sana.

Aliugua figo tangu 2021. Mkuu wa idara alikuja kumjulia hali, mkononi machungwa. Kaka akamnong'oneza mkewe:

“Huyu mbona macho yote yako kwenye masanduku ya kanda?”

“Mwache bwana, nawe unashuku kila mtu.”

Mgeni alipoaga, akaulizia kanda. Kaka alifariki alfajiri ya tarehe 19 Februari 2023. Inatuuma sana. Jana, kaburi halijachimbwa, gari la idara likaja kuzichukua kanda hizo “kwa hifadhi”. Wifi alisimama mlangoni: “Leteni kwanza kitabu chenye majina. Nitakisoma mwenyewe, miwani ninayo.”

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, mimi mdogo wake, na wale watunzi walio hai, walioketi safu ya mbele. Mkuu wa idara, kiti chako tumekiweka katikati yao. Karibu ukae, uwaulize majina.

Kaka yetu apumzike kwa amani.