Historia ya Marehemu Erisa Ofumbi na Sanduku Lake la Picha

Ndugu waombolezaji, familia inawashukuru kwa kuacha mashamba na biashara zenu mkafika hapa Petta leo, Jumatano, tarehe 12 Juni 1968, na inawaomba msikilize mpaka mwisho, kwa sababu yapo maneno ambayo marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe, na mdogo wake Odoi ndiye anayeyasoma.

Erisa Ofumbi alizaliwa hapa Petta tarehe 14 Machi 1918, akasoma shule ya misheni Nabuyoga kuanzia 1927 hadi 1933, akaingia jeshini mwaka 1940, akajifunza huko kupiga na kusafisha picha, na aliporudi mwaka 1946 alifungua kibanda mjini Tororo, akiwa na sanduku la picha, yaani kamera kubwa yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika. Tarehe 22 Januari 1949 alifunga ndoa na Loy Athieno, wakajaliwa watoto watano, ambao wanne wako hapa mbele yenu.

Mwezi wa Agosti 1961 sanduku hilo lilianguka kutoka juu ya basi pale Malaba, lenzi ikavunjika, naye akanunua, kutoka kwa karani mmoja aliyekuwa akihama, kamera ndogo iliyoingia mfukoni mwa koti kama kitabu cha nyimbo, akaipenda mno. Aliwaambia wanawe kwamba kamera ya mtu anayetembea iwe nyepesi hata mwenyewe asahau kuwa anayo, mlio wake usizidi wa mtu kumeza mate, lenzi yake iwe moja tu, na umbali uwe umeshapimwa kwa hatua, tatu au tano, kabla mkono haujatoka mfukoni.

Lakini sokoni Busia hakuna aliyeitaka, na Proscovia, muuza samaki wa Majanji, aliyepo hapa na ameruhusu jina lake litajwe, alimwambia mbele ya watu, "Wewe Ofumbi, hiyo kiberiti ndiyo itanipiga mimi? Nimevaa gomesi ya Krismasi! Kwenda leta sanduku!" Watu wakacheka, naye akaenda akalileta.

Tangu siku hiyo, ndugu zetu, sanduku lile lilikuwa tupu. Ofumbi alijifunika kitambaa, akahesabu mpaka tatu, akatoka akasema tayari, watu wakashusha pumzi, mume akamgeukia mkewe kumtoa uzi begani, mama akacheka meno yote nje, na hapo ndipo kamera ya mfukoni ilipofanya kazi. Hizo ndizo picha mlizozitundika ukutani, Busia ya huku na ya ng'ambo ya mpaka, mkisifu kwamba sanduku la Ofumbi linajua watu.

Jambo hili lilimkaa moyoni, maana alikuwa mzee wa kanisa, na alipolazwa hospitalini kwa ugonjwa wa mapafu, tarehe 3 Aprili mwaka huu, alimwagiza mkewe lisomwe siku ya mazishi. Loy alikataa, akiogopa kwamba mtasema mlidanganywa, mtarudisha picha, na jina la mumewe litaharibika siku ile ile anayozikwa, na familia ilikaa vikao viwili bila kumlazimisha.

Picha mnayoiona juu ya jeneza ndiyo pekee aliyopigwa tangu atoke jeshini. Loy aliipiga tarehe 26 Mei kwa kamera ile ndogo, mumewe akiwa amekaa wima kitandani, amefunga kifungo cha juu, amekaza uso kama wateja wake wote, naye Loy akasema tayari, akaishusha, akangoja, na mgonjwa alipocheka ndipo alipobonyeza. Ofumbi alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni, alfajiri. Picha ililetwa jana, Loy akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Shemeji, soma yote."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, wanakwaya, na wapiga picha wenzake wa Tororo na Busia. Sanduku liko pale karibu na jeneza, limeachwa wazi, na anayetaka achungulie, atakuta karanga alizokuwa akila njiani.

Ofumbi, umemaliza kukaza uso. Pumzika kwa amani.