Saa ya Gari la Mzee Fyuzi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi umeme wa magari. Wengi mlimwita Mzee Fyuzi. Alitutoka Jumanne, baada ya wiki tatu hospitalini. Karakana yake ni ile ya mlango wa bati la buluu.

Jina hilo alijipa kwa mdomo wake. Umletee gari lenye ugonjwa wowote, jibu lilikuwa moja: "Anza na fyuzi." Mjane wake aliniambia, "Hata pasi ikipoa, anza na fyuzi. Namwambia, mzee wangu, umeme umekatika mtaa mzima."

Mwanafunzi wake alikuwa mmoja, binti yake wa mwisho. Alimwahidi hivi: "Siku utakayotibu gari bila kuniita, ufunguo wa karakana ni wako." Akafariki siku hiyo haijafika.

Baada ya maziko, baba yake mkubwa, kaka wa marehemu, alishika ufunguo. "Mwanangu, tufunge. Fundi ameondoka na ufundi wake."

"Baba mkubwa, nipe mpaka kesho. Saa ya gari la baba imesimama. Nikishindwa, funga."

Ni lile gari lake kuukuu. Binti akafungua dashibodi. Akafuata waya mmoja mmoja, akasugua ncha zilizoshika kutu. Akachomoa saa, akaiunga moja kwa moja na betri. Ikatembea. Kumbe saa ni nzima, umeme ndio hauifikii. Jua likapinda, bado anatafuta.

Mama yake akaja, akasimama mlangoni. "Fyuzi umeangalia?"

"Mama, gari la baba hili. Nalo nianze na fyuzi?"

"Kwani baba yako alikuwa malaika?"

Binti akafungua kisanduku cha fyuzi. Nafasi ya fyuzi ya saa ilikuwa tupu.

Fyuzi yenyewe aliikuta kwenye kisahani cha majivu, imezungushiwa karatasi. Mwandiko wa baba: "Saa inakula betri gari likilala. Nikitoka hospitali nitairudisha."

Akairudisha yeye, na saa akaiunga mahali pake. Saa ikaanza kutembea.

"Ulimwita mama yako," baba mkubwa akamtania alipofika kesho yake.

"Alikuja mwenyewe. Baba ndiye niliyetaka kumwita, siku nzima. Sikumwita."

Baba mkubwa aliweka ufunguo juu ya dashibodi.

Kwa mjane, kwa binti na kwa kaka wa marehemu, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni kitu gani tumekiruka kwa sababu tunampenda aliyekigusa mwisho? Mzee Fyuzi hakuomba aaminiwe. Aliomba akaguliwe.

Mlango wa bati la buluu utafunguliwa Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Kwa saa ya lile gari.