Bwana Turudi Hakudanganya

Mume wangu hakudanganya. Klabu ya mchezo wa Go ilimwita mdanganyifu mbele ya watu, ikafuta jina lake kwenye ubao wa mabingwa, ikamvua kifaa chake cha kusikia, na mpaka leo tunapomzika haijarudisha hata kimoja. Nimeanza na hilo kwa sababu waliofanya hivyo wamekaa safu ya pili, tena wamevaa vizuri. Maneno haya ni yangu mimi mjane. Sikwenda shule, kwa hiyo nimesema na binti yetu mkubwa akaandika, na ndiye anayewasomea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alisoma miaka minane. Mwalimu wake wa hesabu alimwadhibu siku moja kwa kurudia hesabu aliyokwisha kuipata. Alipoulizwa sababu, alijibu, "Nimepata, lakini sijui nimepataje." Tabia hiyo hakuiacha.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, akasimama kando ya mtambo uleule miaka thelathini na saba. Mtambo ulimlisha, nao ukala masikio yake. La kushoto halikubaki na kitu. La kulia, hospitali ilimpa kifaa kidogo kama punje ya haragwe. Hapo kiwandani ndipo fundi mmoja wa mitambo alipomfundisha Go: ubao wa mistari kumi na tisa kwa kumi na tisa, huyu ana mawe meusi, yule meupe, na anayezungushia eneo kubwa ndiye mshindi.

Tulifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988. Alinioa akijua sijui kusoma, na hakunisimanga hata siku moja. Alipostaafu mwaka 2016, binti yetu alimletea kompyuta iliyochakaa ya ofisini kwao, yenye programu ya Go. Niliiita mke mwenza.

"Leo mke mwenza amekupiga tena?" namuuliza nikichambua mchele.

"Amenipiga, mama watoto. Lakini huyu akinipiga, ananionyesha nilipojiachia."

Alishindwa mechi mia tatu na kumi bila kushinda moja. Kila akishindwa alirudi nyuma jiwe kwa jiwe, mpaka aone kosa lilikoanzia. Mara nyingi halikuwa pale alipoumia. Lilikuwa huko nyuma, mahali alipojiona mjanja. Macho yake yalikuwa yakichoka, basi yeye alitaja nami nikachora kwenye daftari la hesabu: duara tupu ni jiwe jeupe, duara lililojazwa ni jeusi, msalaba mwekundu ni kosa. Yakafika madaftari kumi na moja. Barua siwezi kuisoma, lakini madaftari hayo nayasoma kama ninyi mnavyosoma gazeti.

Klabuni walimwita Bwana Turudi, maana kila mechi ikiisha, awe ameshinda au ameshindwa, alimwambia mwenzake, "Turudi?" ili waipitie upya. Wengi walikubali. Mwenyekiti hakukubali kamwe. "Makosa yangu nayajua," alisema.

Tarehe 20 Novemba 2021, kwenye fainali, mume wangu alimshinda Mwenyekiti. Aliweka jiwe ndani kabisa ya kona ya mwenzake, mapema mno, mahali ambapo wao walifundishwa kwamba kuingia ni ujinga. Jina lake likaandikwa ubaoni. Juma moja baadaye kamati ikamwita, nami nikamsindikiza.

"Mtu hachezi hivi," Katibu alisema. "Hii ni kompyuta. Na hicho sikioni ni nini?"

"Ni sikio langu."

Wakamvua, wakakitia kwenye bahasha, ndipo wakasoma hukumu. Hakusikia neno. Aligeuka akaniuliza, "Wanasemaje?" Mimi, mkewe, ndiye niliyemwambia kwa kupaza sauti, mbele ya watu wazima wanane, kwamba wanamwita mdanganyifu.

Nilikuwa na daftari la saba kwenye kikapu. Kona ileile, jiwe lilelile, nimelichora tarehe 3 Februari mwaka huo, na kabla yake misalaba mitano ya siku alizolijaribu akakosea. Ndiyo, jiwe lile lilitoka kwa kompyuta. Lilitoka kama hesabu inavyotoka kwa mwalimu: kwa kupigwa miaka mitano. Nikalifungua daftari mezani. Mwenyekiti hakulitazama.

"Mama, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"Sikusoma."

"Basi tuachie wenyewe."

Wenyewe! Na waliojua ukweli ndani ya chumba kile tulikuwa wawili, mmoja hasikii, mwingine hasikilizwi.

Kifaa kingine alikikataa. "Watasema nilikuwa navyo viwili," alisema. Januari mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, na madaktari wakakuta moyo umechoka. Sisemi klabu ilimuua. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa wa zamani, nami sizui. Nasema kwamba mjukuu wetu wa mwisho alijifunza kuongea, na babu yake hakumsikia. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi. Jana yake tulicheza kwenye karatasi, kitandani. Alinishinda, akaniwekea msalaba mwekundu mmoja, akacheka.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja fundi umeme, wajukuu wanne, na dada yake aliyemfunza kutembea.

Klabu inadaiwa jina moja ubaoni, kwa rangi ileile. Katibu anadaiwa bahasha iliyo kwenye droo yake. Mwenyekiti anadaiwa kulifungua daftari la saba. Liko pale mezani kando ya maua, na asipolielewa, mimi nisiyesoma nitamsomea.

Mume wangu, pumzika, umemaliza. Mwenyekiti, wewe bado. Turudi.