Kaburi la Dorotea Nje ya Uzio

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Yeremia, kitindamimba wa marehemu mzee Otuoma, ninasoma kwa niaba ya familia, na wanaonong'ona kwenye turubai la nyuma naomba wanyamaze, kila kitu watakisikia.

Dada yetu Dorotea Akoth Otuoma alizaliwa tarehe 14 Aprili 1948 katika boma hili la Buswelu, akasoma shule ya Igogo, kisha chuo cha ualimu Butimba, akahitimu mwaka 1968. Mwaka 1972 aliingia gazetini, mwanamke peke yake kati ya wanaume, wakampa ukurasa wa mapishi, yeye akaandika habari za mabinti wa kwetu Wajaluo ambao, kwa kuwa walikufa bila kuolewa, walizikwa nje ya uzio wa baba zao. Alizunguka mwambao wa ziwa akiuliza majina yao, akayatolea kitabu mwaka 1981, wazee wakasema ana kichwa kigumu, na kweli alikuwa nacho.

Hakuolewa. Hakuzaa, ila mama alipofariki mwaka 1975 alitulea sisi wadogo zake, na mimi namwita mama bila aibu.

Januari mwaka huu alianza kuugua figo, akafariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025.

Sasa niseme hilo mnalonong'onezana. Baba mdogo Nathaniel aliagiza dada azikwe nje, eti mila, nikakataa, tukazozana mbele ya wageni, akanishinda kwa ukubwa wake. Vijana wakachimba Alhamisi. Ijumaa asubuhi tulikuta kaburi limefukiwa, udongo umesawazishwa na kufagiwa, wala hakuna unyayo. Wakachimba tena, tukaenda kula mchana, tuliporudi, jamani, limefukiwa vilevile. Vijana wakatupa majembe. Leo baba mdogo mwenyewe amekuja, akasema dada achimbiwe ndani, kando ya mama. Limechimbwa, na hakuna aliyeligusa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani, na waandishi wenzake. Tunawashukuru pia ninyi dada zetu mlioketi kule nje ya uzio tangu alfajiri, ambao hakuna hapa anayewafahamu, na ambao mikono yenu imejaa udongo: lango liko wazi, ingieni tumzike mwenzenu.

Dada, pumzika kwa amani, hapa ndani, nyumbani kwa baba yako.