Bibi Mbegu na Bustani Iliyokuwa ya Adhabu

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kutushika mkono, haya ni maisha ya mama yetu, kama tulivyoyaona na kama alivyotusimulia mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kitinda mimba wa fundi viatu. Alianza darasa la kwanza Januari 1966, akaishia la nne, mwaka 1969, ili amuuguze mama yake, ila alizoea kusema kwamba yeye ndiye aliyeacha shule, masikio yake hayakuacha.

Tarehe 5 Februari 1979 aliajiriwa kuwa mfagizi wa shule ya msingi ya mtaani kwetu, na alipokuwa akifagia ubaraza alisikiliza masomo kupitia madirishani, akayabeba hadi nyumbani polepole, kama mtu aliyejaza maji viganjani.

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto wanne, na baba aliwatania rafiki zake kwamba ameoa mke anayezungumza zaidi na mchicha kuliko na mumewe.

Nyuma ya madarasa palikuwa na bustani, nayo ilikuwa ya adhabu, aliyechelewa alilima, aliyepiga kelele alilima, hata watoto wakaliogopa jembe kama fimbo. Jambo hilo lilimuuma sana marehemu, na ingawa alikuwa na haya, Januari 2003 alijikaza akaingia ofisini, akaomba muhula mmoja tu, watoto waende bustanini kwa somo, si kwa kosa. Mwalimu mkuu alicheka, akamuuliza, "Sasa mama, nani atalima?" lakini akamkubalia.

Muhula huo nusura umshinde, kwa maana kila asubuhi watoto walifukua maharage waone kama yameota, yakafa, naye hakuwakaripia, akatenga tuta moja, akaliita tuta la wenye haraka, hapo ruksa kufukua, mengine yaachwe yalale. Basi ukungu wa asubuhi uliwakuta wamelala kifudifudi, sikio ardhini, wakinong'onezana, "Shii, yanageuka ubavu," naye akilala pamoja nao, na alituapia kwamba siku moja aliyasikia kweli. Yalipochipua waliyapima kwa rula, wakachora mizizi, wakajifunza kuzidisha kwa safu za miche, wakampa jina la Bibi Mbegu.

Ruhusa ile haikuandikwa popote, hivyo kila muhula aliiomba upya, kwa kila mwalimu mkuu mpya, hata baada ya kustaafu mwaka 2018.

Agosti 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na kitandani hakulalamikia maumivu, aliuliza tu muhula ujao nani ataomba. Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, mwalimu mkuu alikuja na daftari la kamati ya shule, akamsomea kwamba bustani ni darasa, na haitakuwa adhabu tena, wala hakuna atakayehitaji kuomba ruhusa. Akaongeza kwamba juzi alimzuia mtoto mmoja aliyepiga kelele asiende bustanini, mtoto akalia hadi kengele ya kutoka. Mama alicheka, akasema, "Mwacheni aende, mwalimu." Jumapili, tarehe 17 Machi, saa tano asubuhi, alilala, hakuamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kukesha nasi, walimu, wafanyakazi wenzake, na wanafunzi waliokuja na udongo kwenye viatu.

Mama, weka jembe chini, pumzika kwa amani.